Mke Mwenzangu Anayekunywa Petroli

Nina mke mwenza. Kanizidi miaka ishirini na mbili, ana kikohozi cha kudumu, anavuja hapa na pale, na bado mume wangu akiamka anaanza kwake. Ni Landrova ya mwaka wa hamsini na saba. Mume wangu Harkaman kairithi kwa baba yake, na mimi niliikuta uani siku ya kwanza nilipoletwa bibi harusi. Kwa hiyo hata ukubwa siwezi kudai.

Hapa Manebhanjang, mji wetu mdogo wa milimani, wanaume wote wenye Landrova wanazipenda, sibishi. Bila hizo kuukuu hakuna mgeni anayefika kileleni Sandakphu, kilomita thelathini na moja za mawe na makona. Lakini wa kwangu kapitiliza. Wenzake wanaosha gari, yeye anaogesha! Tena kwa maji ya vuguvugu, niliyoyachemsha mimi kwa kuni nilizozibeba mimi. Na jina kampa: Kanchhi. Ndivyo tunavyomwita binti mziwanda, na ndivyo Harkaman alivyokuwa akiniita mimi enzi za uchumba, alipokuwa akija kwetu Rimbik na mfuko wa machungwa. Tulipooana nikawa Asmaya. Nilipojifungua nikawa mama Pabitra. Jina langu la mapenzi likahamia kwenye boneti, limeandikwa kwa rangi nyekundu, mji mzima unalisoma. Sasa niambieni, mtu asione wivu?

Mwaka juzi mvua zilipokolea nilishikwa na homa. Nilikohoa siku tatu mfululizo, mwanamume akanisogezea blanketi akasema, "Kunywa maji ya tangawizi, mama Pabitra." Siku ya nne, asubuhi, Kanchhi akakohoa mara moja tu wakati wa kuwashwa. Mara moja! Harkaman akaacha uji wake mezani, akatoka na soksi kwenye matope, akafungua boneti na kuweka sikio. Nilimwona dirishani, kainamia kifua cha yule bibi, anasikiliza. Roho iliniuma hadi homa ikanitoka.

Kuanzia siku ile nikaanza kumwibia. Harkaman kila alfajiri hupanda kwenye hekalu dogo juu ya soko, kuwasha taa na kuomba njia njema. Akipiga kona tu, mimi natoka na mpira wa kuchotea na kidumu. Naingiza mpira kwenye tenki, navuta kwa mdomo, natema, na lita tatu zinashuka. Naenda nyuma ya banda la nguruwe na kumwaga zote kwenye sisnu, ule upupu wetu wa kupikia mchuzi. Kwa wiki kadhaa kila nilichokula kilikuwa na ladha ya petroli. Sikujali. Nilitaka amchukie. Mwanamume gani atakaa na mke anayekunywa hivyo?

Tena nilikuwa na sababu ya kutumaini. Huko Siliguri kuna Bwana Singhal, mwenye hoteli, anayekusanya magari ya zamani na kuyapanga bustanini wageni wapige nayo picha. Alishamwomba Harkaman amuuzie mara mbili, akakataliwa. Alipoomba mara ya tatu, Kanchhi alikuwa ameishiwa mafuta mlimani, juu ya Tumling, abiria sita ndani, ukungu umetanda, na wenzake wakamvuta kwa kamba huku wakimcheka. Harkaman alirudi nyumbani kanywea. Akaniambia, "Singhal anakuja Jumamosi kabla ya sikukuu ya Dasain. Nisipoupata ugonjwa wa Kanchhi kufikia siku hiyo, namwachia amchukue. Siwezi kumpandisha mlimani mtu asiyenifikisha."

Nikasema, "Pole, baba Pabitra." Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Kumbe nilijichimbia kaburi. Gari likiwa zima, alikuwa nalo asubuhi na mchana. Gari lilipougua, akahamia huko kabisa! Akala huko. Akamwita rafiki yake fundi Kesang, mtu mwenye mdomo mchafu na mikono ya dhahabu, wakawa wamelala chini ya yule bibi kutwa nzima, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikipeleka chai, nasikia vicheko. Nikiuliza jambo la nyumbani, naambiwa, "Subiri kwanza." Nilimtengenezea mke mwenzangu ugonjwa, na ugonjwa ukampa kila nilichokuwa nakililia.

Walifungua plagi wakazipanga juu ya gazeti. Kesang akaokota moja akaigeuza.

"Ona hii. Gari linalokunywa kupita kiasi plagi zake huwa nyeusi tii, masizi matupu. Hizi zina rangi ya biskuti. Huyu anapumua kama msichana."

"Msichana gani anakunywa hivi?" Harkaman akauliza.

"Shemeji yangu wa Kalimpong," Kesang akajibu. "Muulize mama Pabitra, anamjua."

Sikucheka. Siku ya pili wakaliinua kwa jeki na kuzungusha magurudumu kwa mkono, moja moja, kuangalia kama breki inakamata. Yakazunguka bila shida. Wakapima upepo wa matairi. Wakasafisha kichujio cha hewa. Wakafungua kabureta, wakalitikisa boya lake sikioni kusikia kama limeingia mafuta. Wakatandika maboksi chini ya gari asubuhi nzima kutafuta tone. Oili ilidondoka, maana Landrova isiyodondosha oili imekwisha oili, lakini petroli hakuna. Hapo nilikuwa nimesimama mlangoni nakata viazi, masikio yote kwao.

Ijumaa, siku moja kabla ya Singhal, Harkaman aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda. Macho yalikuwa mekundu.

"Kimebaki kipimo kimoja," akasema. "Nafunga bomba la tenki. Nampa Kanchhi lita moja kwenye chupa, namwendesha barabara ya Sukhia hadi iishe, nahesabu mawe ya kilomita. Zamani kwa lita moja tulikwenda kilomita nane. Nahitaji mtu wa kushika chupa. Kesang ana msiba kwa mjomba wake. Utanishikia?"

Loo! Mwizi anaombwa awe shahidi. Nikasema, "Mimi na magari wapi na wapi?" lakini nilikuwa nimeshavua aproni. Nilijua nitakachofanya. Mpira ulitoka kwenye mdomo wa chupa ukapita chini ya boneti hadi kwenye kabureta. Nikiulegeza kidogo tu kwa kidole gumba, petroli itadondoka nje ya dirisha, chupa itaisha kilomita ya tano, na kesho bibi anapakiwa kwenye lori kwenda bustanini.

Nikapanda kiti cha mbele. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na kiti kile nilikikalia siku ya harusi, nilipopelekwa kujifungua, na siku ya mazishi ya mama mkwe. Vinginevyo ni cha wageni wenye kamera. Nikaishika chupa juu dirishani, kama wauguzi wanavyoshika dripu ya mgonjwa. Tukaondoka.

Kilomita ya kwanza kidole kilikuwa tayari. Pale kwenye duka la vitambaa mke wa dereva Tshering alikuwa amesimama, akaniona, akabaki mdomo wazi. Nikanyoosha shingo. Nilingoja tumpite vizuri, anione sawasawa. Halafu Harkaman akaanza kuongea. Mume wangu, ambaye nyumbani maneno yake yanahesabika, aliongea! Akanionyesha kona ambayo baba yake alimfundisha kubadili gia akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Akaniambia kwamba ukungu ukiwa mzito huwa anaimba ili abiria wasiogope, akaniimbia, vibaya kweli, nikacheka hadi chupa ikayumba. Akaniuliza kama naikumbuka homa yangu ya mvua zile.

"Naikumbuka," nikasema.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Mtu siwezi kumfungua nikaona kilichoharibika."

Misonobari ilikuwa inapita, jua limetoka, magoti yetu yanagongana kwenye mashimo. Mara injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Tukasimama kando ya barabara. Nikaitazama chupa: tupu. Nikalitazama jiwe la kilomita. Tulikuwa tumepita nane. Nilikuwa nimesahau kumwaga.

Harkaman hakushangilia. Alikaa ameshika usukani, anawaza. Nami namjua anavyowaza, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine, kama anavyofungua nati.

"Akitembea hanywi," akasema. "Basi anakunywa akiwa amesimama."

Nikaiweka chupa miguuni.

"Mama Pabitra."

"Abee."

"Ile sisnu ya nyuma ya banda la nguruwe, mbona imekauka yote? Mvua zote hizi?"

Nilitaka kusema ni wadudu. Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Badala yake nikaanza kulia kwa hasira, nikamwambia yote, mpira, kidumu, alfajiri, jina langu kwenye boneti, soksi kwenye matope. Nikamwambia, "Mwuze! Au niuze mimi, huyo Singhal anipange bustanini nipigwe picha!" Akashuka. Akamimina mafuta kutoka kwenye dumu la akiba, akafungua bomba la tenki, tukarudi hadi nyumbani. Alishuka, akanywa maji, akaondoka kwa miguu kwenda sokoni.

Jumamosi nilipika momo, visambusa vyetu vya kupikwa kwa mvuke. Singhal alikuja na dereva wa lori. Kesang alikuwepo, Tshering alikuwepo, madereva kama wanane walijazana uani kuaga, maana kwetu kuuzwa kwa Landrova ni msiba. Nilijua mbele ya watu hawa ndipo nitakapoumbuliwa. Mji huu ukikupata na jambo, hufi nalo, wajukuu zako wanaimbiwa.

"Nisamehe, Bwana Singhal," Harkaman akasema. "Umekuja bure. Mgonjwa amepona."

Uani pakawa na makelele. Kesang akamshika bega. "Umeupata? Ulikuwa nini? Sema, mimi nimelala matopeni kwa ajili ya huyu bibi!"

Sinia la momo lilikuwa mikononi mwangu. Harkaman akanitazama.

"Kifuniko cha tenki," akasema. "Kilikuwa hakifungi."

"Kifuniko?" Kesang akasonya. "Fundi mzima mimi, nikashindwa na kifuniko!"

Harkaman akatoa mfukoni kifuniko kipya, cha kufuli, akakizungusha mahali pake na kukifunga. Akachomoa ufunguo. Akaja hadi nilipo, akachukua sinia akampa Kesang, akafungua kiganja changu na kuuweka humo.

"Shika wewe," akasema. "Uko mmoja tu."

Kwetu, nyumba yenye wake wawili, mkubwa ndiye anayeshika funguo. Hakuna mtu pale uani asiyelijua hilo. Madereva wakapiga mbinja. Tshering akapaza sauti, "Kwisha habari yako, Harkaman! Sasa hata mafuta utaomba ruhusa!" Nilikimbilia jikoni, nikafunga mlango, nikalia mpaka nikachoka.

Msidhani wivu umeisha. Anamwogesha vilevile, na maji nachemsha mimi. Lakini kesho yake alfajiri nilimsikia akirudi kutoka hekaluni, akatua dumu la petroli kando ya gari, akasimama.

"Mama Pabitra," akaita kwa upole. "Tunakungoja."

Miaka kumi na tisa nimewangoja mimi. Nikajimiminia kikombe cha pili cha chai, nikakinywa taratibu.