Kibamba Si Mbali

Ugomvi ulionitoa Kinondoni ulikuwa wa umeme. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji sita, mita moja ya luku, na kila uniti zilipoisha mama wa chumba cha mbele alipita mlango kwa mlango kukusanya michango. Hakuna aliyemchagua kuifanya kazi hiyo. Alijichagua mwenyewe, na sauti yake ilimtosha. Mume wangu ni fundi friji. Friji za wateja alizitengenezea pale barazani, na akishamaliza moja lazima aiwashe, aiache ipoze, ajue kama kweli imepona. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, mwenye kosa alikuwa anajulikana hata kabla hajatafutwa.

"Juzi tu tumeweka umeme, leo hakuna!" akafoka siku hiyo. "Nyie na mafriji yenu!"

"Dada, friji yenyewe imewaka kidogo tu," nikamjibu. "Wewe jana umepiga pasi nguo za ukoo mzima."

"Mie napiga pasi nguo zangu! Yeye anapoza friji za watu wa Sinza kwa umeme wetu!"

Wapangaji wengine walitoka, kila mmoja akasimama mlangoni kwake kama yuko mpirani. Mume wangu akainama, akachomoa waya, akaanza kuuzungusha taratibu mkononi. Mie nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa darasa la tano, na nikajikuta nimempigia mtoto mmoja mkasi wa kosa kwenye jibu lililokuwa sahihi. Nikaweka kalamu chini. Nikasema moyoni, hapa basi.

Jioni hiyo, tukila, nikalitoa. Kuna mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia habari za Kibamba, kwamba kwa kodi ile ile ya vyumba viwili vya Kinondoni unapata nyumba nzima.

"Nyumba nzima," nikamwambia mume wangu. "Luku yetu peke yetu. Choo chetu. Wewe unafungua karakana uani, hakuna wa kukuuliza."

"Wateja wangu wako huku."

"Kwani Kibamba watu hawana friji?"

"Wanazo."

"Sasa?"

Akamega ugali, akauviringa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Tuangalie," akasema.

Mume wangu ni mtu wa Tabora, mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na neno hilo limeninyima raha ya ndoa kuliko matusi yangeweza. Tulipotaka kununua godoro alisema tuangalie, tukalalia lile lenye shimo katikati mpaka mtoto wa pili akazaliwa. Safari hii nikaapa sisubiri. Nikatafuta dalali mwenyewe.

Dalali alikuwa mwanaume wa makamo mwenye simu mbili, zote zikiita. Jumamosi tukashukia kituoni kwenye barabara ya Morogoro, mie na mume wangu, akatupokea kwa bashasha. Nyumba iko wapi? Hapo tu, pua na mdomo. Tukaanza kutembea. Tukapita kanisa. Tukapita kanisa jingine. Tukapita mahali wanapofyatua matofali, tukashuka bondeni, tukavuka daraja la mbao, tukaanza kupanda.

"Hiyo pua ya nani, kaka?" nikamuuliza.

"Mama, Kibamba si mbali. Watu wanaiona mbali kwa sababu hawajaizoea. Halafu barabara inakuja, imeshapimwa."

Nyumba yenyewe nilikuwa nimejiandaa kuichukia, kwa sababu jua lilikuwa kali na viatu vyangu vilikuwa vya kuendea shule. Nikashindwa. Vyumba vitatu, sebule ya vigae, jiko la ndani, baraza pana mbele, na uwanja wa udongo mwekundu wenye mpapai mmoja. Nilifungua mlango wa bafu, nikaufunga, nikaufungua tena. Miaka yote ya Kinondoni nilikuwa naoga huku mtu anakohoa nje kunikumbusha foleni. Mume wangu alikuwa amechuchumaa uani, kashika udongo kiganjani.

"Hapa matembele yanakubali," akasema. Hilo tu.

Nilipotoka nje niliona mwanamke anakata majani upande wa pili wa uzio. Alikuwa mtu wa Moshi, anafuga ng'ombe wawili, na hakuwa na sababu ya kunidanganya, nikamuuliza habari za maji.

"Ya bomba yanakuja yanapotaka. Mara nyingi tunanunua ya boza, lori la maji likipita."

"Na mvua?"

"Mvua ikinyesha, viatu unabeba mkononi, unavaa ukifika lami."

"Sasa mbona wewe huhami?"

Akanitazama kama nimemuuliza mbona havui ngozi. "Nihame niende wapi, dada? Hawa ng'ombe nitawafuga Kinondoni?"

Siku iliyofuata nikaenda kwa mama yangu Mtoni, alikozaliwa yeye na nilikozaliwa mie. Sikuenda kuomba ruhusa. Lakini ukiwa na mama kama wangu hakuna tofauti.

"Kibamba?" akasema. "Huko si ndo mnapopitaga mkienda Morogoro?"

"Ni Dar es Salaam hiyo hiyo, mama."

"Dar es Salaam ya nani? Hitma itasomwa hapa, wewe utafika watu washakula ubwabwa wamelala. Arusi utafika bibi harusi keshatolewa. Wewe mwenyewe ukifa, nani atakuja huko kukuzika?"

"Kuna watu wanaishi kule, na wanazikwa."

"Watu wa bara," akasema mama, kisha akakumbuka nimeolewa na nani, akaniongezea chai.

Wiki kadhaa zilikwenda hivyo. Mie nikitetea Kibamba kwa mama, nikiitetea kwa mume wangu, nikiitetea shuleni kwa walimu wenzangu ambao kila mmoja alikuwa na shemeji aliyehamia pembeni akajuta. Dalali alipiga simu kila asubuhi kuniambia kuna mtu mwingine ameipenda. Mume wangu alikuwa bado anaangalia.

Kisha binti yangu mkubwa akaugua. Nilikuwa darasani, mume wangu yuko Sinza kwa mteja. Mtoto alirudi kutoka shule na homa, akajilaza barazani, na mama wa chumba cha mbele, yule yule wa luku, akamgusa paji la uso akaona si homa ya kawaida. Hakusubiri mtu. Alimbeba mgongoni mtoto mkubwa vile, akatoka naye mpaka hospitali, na mimi nilipofika nikihema nilimkuta amekaa kwenye benchi, kamlaza mapajani, anampepea kwa ncha ya kanga. Dripu ilikuwa imeshatundikwa.

"Malaria," akaniambia. "Imempanda, lakini wamemuwahi. Kaa, umetoka jasho."

Nikakaa. Nikaanza kumshukuru. Akanipiga bega. "Acha hayo. Ila umeme umeisha tena."

Jioni nilirudi nyumbani na mtoto, nimebadilika kabisa, na nilikuwa nimekasirika kwa kubadilika. Huyu mwanamke hata kumchukia kwa raha ikawa haiwezekani. Kule Kibamba, mtoto akidondoka mchana, nani atamuona? Mpapai? Nikaamua tubaki. Nikapanga nimwambie mume wangu akirudi, tena nimwambie kwa upole.

Akarudi akiwa anatabasamu, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Akaweka funguo mezani.

"Nimelipa," akasema. "Miezi sita. Tunahamia mwisho wa mwezi."

Nilizitazama zile funguo. Nikamtazama yeye.

"Umelipa lini?"

"Leo, nilipotoka Sinza. Nimeona umeteseka sana na hili jambo, nikasema niache kuangalia."

Sijui kama kuna mwanamke mwingine ameshawahi kumgombeza mume kwa kumtimizia alichomuomba. Mie nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mtoto amepatwa na nini, nilipomweleza akaenda kumkalia kitandani, na mie nikabaki mezani na hasira yangu na funguo zetu.

Tulihama na kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Mama wa luku alilia, akatufungia maandazi, akamwambia mume wangu asisahau kuja kumwangalizia friji anayotaka kununua. Friji! Nikaingia kwenye gari.

Kibamba ilikuwa kama yule mwenye ng'ombe alivyosema, na zaidi. Niliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili niwahi kipindi cha kwanza, na nilirudi giza limeshaingia. Niliandika barua ya kuomba uhamisho wa shule, nikaambiwa nisubiri. Boza lilikuja siku lilipotaka, na siku lilipotaka ndiyo siku mie sipo. Ukikosa chumvi, duka liko ng'ambo ya bonde. Mvua zilipoanza lile daraja la mbao likaenda na maji, wanaume wa mtaa wakalijenga, likaenda tena. Na kimya! Nilipiga pasi nguo zangu saa ninayotaka, hakuna wa kunisema, na nilipomaliza nilikaa nikitazama ukuta. Mume wangu alipanda matembele. Wateja wakamjia mmoja mmoja mpaka uani kukajaa friji, naye akawa anapiga mluzi akifanya kazi. Mluzi ule ulinikera kuliko matope.

Jumapili moja ya mvua kubwa nikapigiwa simu kutoka Mtoni. Mama ameteleza bafuni, kavunjika mguu. Nilitoka na viatu mkononi, nikavuka bonde maji yakiwa magotini, nikafika lami, nikakuta foleni imesimama kwa sababu ya mvua. Mpaka nafika Mtoni mama alikuwa ameshapelekwa hospitali, ameshafungwa hogo jeupe la plasta mpaka pajani, amesharudishwa. Wanawake wa ukoo wote walikuwa wamejaa chumbani. Shangazi yangu akaninyanyulia macho.

"Mgeni wetu kafika," akasema.

Nikaenda kukaa miguuni kwa mama, nikamshika kidole gumba kilichochomoza kwenye hogo, nikalia kimya kimya.

Nyumba ya Mtoni ina ngazi za kuingilia, choo kiko nje, na wajukuu wamejaa kila chumba. Wakubwa wakaanza kujadili nani atamtunza na atalazwa wapi. Walijadili muda mrefu. Mume wangu, aliyekuwa amenifuata na watoto, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama aende Kibamba," akasema. "Kuna chumba, kuna choo cha ndani, hakuna ngazi. Mie nashinda nyumbani siku zote."

Kinondoni tusingeweza kusema maneno hayo. Tungemlaza wapi, juu ya friji?

Mama alikuja, na tangu siku aliyofika hajaacha kulalamika. Maziwa ya ng'ombe wa jirani yana harufu ya majani, lakini anakunywa vikombe viwili. Majirani wako mbali, lakini yule wa Moshi anakuja kila alasiri, na wanawasema watu mpaka mie naona haya. Ukoo umeshakuja kumjulia hali, wote wamefika na matope magotini wakinilaumu kana kwamba mvua nainyesha mie.

Juzi mwenye nyumba alipiga simu kuuliza kama tunaendelea, maana ile miezi sita inaisha. Mume wangu akafunika simu kwa kiganja.

"Unasemaje?"

"Msilipe!" mama akapaza sauti kutoka barazani. "Porini huku!" Kisha: "Na mkilipa mwambieni aweke choo cha kukaa. Mie na mguu huu nitachuchumaa mpaka lini?"

Mume wangu alikuwa bado ananitazama. Nilikuwa nimeshika ndoo, boza halikuja, na kesho yake nilikuwa na kipindi cha kwanza. Nikamwambia alipe. Nilisema kwa hasira, tena nikiwa nimempa mgongo, lakini nilisema.