Hesabu ya Umeme Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakuniuliza diploma. Aliniketisha mbele ya kompyuta, akasema, "Mama Zaina, we unajua kungoja?"

Nikamjibu kwamba nimesoma chuo cha Kurani mtaani Buyenzi, kwa maalim ambaye kwa herufi moja angeweza kukurudisha nayo juma zima. Akacheka. "Basi hapa umefika kwenu."

Kazi yetu ilikuwa kukadiria jinsi joto linavyotoka kwenye ukuta wa bomba na kuingia katika kitu kinachopita ndani. Unalichora bomba, unaligawa vyumba vidogo vidogo, na wavu huo wa vyumba tuliuita maillage. Kisha programu hupiga hesabu chumba kwa chumba, kasi, presha na joto, na kurudia mpaka majibu yatulie. Umeme ukikatika kabla hayajatulia, unaanza upya. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: wavu ulitengenezwa mpana, vyumba vichache, ili kazi iishe kabla ya mkato wa mchana. Tuliiita hesabu ya umeme mmoja. Kwa maji ya kawaida haikutuangusha hata mara moja.

Mkuu yule alipostaafu, alikuja mwingine tuliyemwita Chef, yaani mkuu kwa Kifaransa, na mradi wa kutoa mafuta ya tangawizi kwa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ukiibana sana na kuipasha moto huvuka mpaka, isiwe gesi wala majimaji. Kwa Kifaransa ni supercritique. Ina hila zake. Karibu na mpaka huo, joto kidogo tu huifanya nyepesi ghafla. Ikiwa inapanda katika bomba la wima, ile iliyo ukutani hukimbilia juu, haichanganyiki tena na ya katikati, na utando wake huufunika ukuta kama blanketi. Chuma hubaki na moto wake.

Niliyajua hayo yote. Lakini siku ya kazi nilifuata desturi, nikapiga hesabu ya umeme mmoja. Majibu yakatoka laini, Chef akasaini, na Saidi, fundi wetu wa kuchomelea kutoka Bwiza, akalisimamisha bomba.

Siku chache kabla ya jaribio, ambalo wageni walialikwa kulitazama, nilipita karakana.

"Mama Zaina! Kuja uone mutoto wako."

"Wangu wapi? Mi nilichora tu. We ndo ulizaa."

"Basi mi ndo nitamulea. Nitasimama hapa, mukono ku robine, tangu asubuyi."

Akasimama kunionyesha, mkono kwenye koki ya kufungulia hewa. Sikio lake lilikuwa usawa mmoja na pete ya mpira iliyoziba maungio ya bomba. Nilikwenda nyumbani na sikio lile akilini.

Kesho yake nikaanza upya, safari hii vyumba vyembamba kama karatasi karibu na ukuta, nikiyahifadhi majibu kila baada ya muda mfupi. Umeme ulikatika, nikaswali, ukarudi, nikaendelea pale nilipoishia. Siku ya tatu rangi nyekundu ikajitokeza ukutani, pale pale kwenye pete. Mpira ule ungekauka na kupasuka kwa joto hilo, na nyuma yake kulikuwa na presha ya kumwondoa mtu duniani.

"Ripoti imesainiwa, Mama," Chef alisema. "Wageni wanakuja kesho. Na wavu ule tumeutumia miaka yote."

"Kwa maji, Chef. Nimekosa mimi. Jina langu ndilo liko juu."

Akaivuta ripoti na kuipiga mstari saini yake mwenyewe. "Nenda kwa Saidi. Wageni nitawapa chai."

Dawa nilikuwa nimeshaihesabu: bomba ligeuzwe, hewa iingie juu na kushuka. Hapo ile nyepesi ya ukutani inataka kupanda, mkondo unaishusha, vinavurugana, na ukuta unapoa.

"Yaani soudure yangu yote nilichomelea nikate?" Saidi aliuliza. "Juu ya rangi ya mu kompyuta?"

"Si juu ya rangi. Juu yako, Saidi."

Akatazama pembeni. "Apana sema hivyo, Mama, utaniliza mbele ya batu." Kisha akachukua mashine ya kukatia. "Bismillahi. Ila chai ya leo utaleta we."

Jaribio lilifanyika baada ya juma moja. Saidi alisimama pale pale, mkono kwenye robine, na vipimajoto vya ukutani vikatulia. Kama bomba lingepasuka kweli bila kugeuzwa, sikujua, wala sitajua. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuninyima elimu hiyo.

Ninyi mnaoanza kazi hii mna mashine za haraka kuliko zetu. Bado nendeni karakana, mkamwone atakayesimama kando ya bomba, ndipo mchague ukubwa wa vyumba vyenu.

Siku ya kuniaga kazini, Saidi, mvi kichwa kizima, alinipa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na ile pete aliyoitoa kwenye bomba siku aliyolikata. Ipo dirishani kwangu. Mara nyingine baada ya alasiri naibonyeza kwa kidole. Mpira bado laini.