Mfungo wa Kuzima Mashine

Mchungaji wetu wa hapa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, alitazama video moja kwenye WhatsApp, akaamka mtaalamu wa fizikia. Mtu ambaye umeme wa kanisa ukizimika humwita jirani abadilishe fyuzi! Alitutangazia kwamba chini ya ardhi, huko Ulaya, kuna mashine ya kusaka chembe ya Mungu, nayo itafungua mlango wa kuzimu. Debe tupu haliachi kuvuma. Kanisa zima likaingia mfungo mkavu ili mashine izimike, mume wangu, mzee wa kanisa, akiwa mstari wa mbele.

Binti yetu alikuwa anasomea fizikia chuo kikuu hapa Johannesburg, na kazi yake ilihusu mashine hiyohiyo. Alikuwa ameitwa huko. Visa ilishatoka. Kilichobaki ni mkono wa baraka wa baba yake kichwani, maana kwetu mtoto haendi mbali bila huo. Baba mtu akakataa. Nilimwita mpumbavu mbele ya mteja niliyekuwa namsuka.

Binti alikuwa amenieleza jikoni, huku tukimenya viazi. Wanagonganisha protoni, vijipande vilivyomo ndani ya kila kitu, kwa nguvu ya ajabu, kisha wanachunguza kinachochomoka. Humo wanaona ulimwengu ulivyokuwa ulipoanza tu. Nilielewa nusu, na katika nusu hiyo sikuona kuzimu yoyote.

Mwaka 2018 ukielekea kuisha, habari zikaja: mashine imezimwa. Kanisa likachinja mbuzi. Wamama wakashona vitenge vya sare, upuuzi mtupu. Watu wakiwa wanakula uani, mchungaji akamwita binti yangu atoe ushuhuda.

“Eish, Pasta, haijafa,” alisema. “Wameizima wenyewe, wanaiboresha ione zaidi. Vifaa vingine tumevitengeneza hapahapa Joburg. Mimi naenda kusaidia kuvifunga humo.”

Watu waliacha kutafuna. Mume wangu akaweka sahani chini.

“Mama,” akaninong’oneza, “kumbe tulifunga juu mutoto yetu ashindwe?”

“Ndiyo,” nikamjibu. “Bila hata maji.”

Akapita katikati ya viti, akamwekea binti mkono kichwani mbele ya wote. Nililia, sifichi.

Mchungaji akanyakua kipaza sauti.

“Haleluya! Munaona? Hata hii tuliombaka!”