Sagaa Yenye Umande

Kavetsa alikuwa na ugonjwa wa tangu utotoni: hakuweza kuona jambo lisiloeleweka akalipita. Na mwaka ule wa tisini na sita, jambo lililomkosesha raha lilikuwa mgongo wa Adero.

Kila asubuhi Adero, mama wa Sarang'ombe mwenye nyumba iliyojaa watoto, alisimama mbele ya gunia la Kavetsa pale Mashimoni, Kibera. Aliinua fungu la sagaa, ile mboga chungu ambayo kwao ziwani huitwa dek, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya majani. Kisha alilirudisha polepole, akampa Kavetsa mgongo, akaenda kwa jirani kununua sagaa iliyonyauka, majani yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Na hakuwa peke yake. Wengi walishika, wakaenda zao.

Hebu niambie, nani anaacha mboga mbichi akanunua iliyochoka?

Kavetsa alijaribu kila anachokijua mchuuzi. Aliongeza nyongeza mpaka ikakaribia kuwa kubwa kuliko fungu lenyewe. Aliita watu kwa Kiluhya, akawaita kwa Kijaluo chake cha kuungaunga. Na hakuacha kutangaza lile ambalo kila mwenye mboga za kienyeji Kibera alilitangaza: "Imeshuka sasa hivi, imetoka Vihiga." Maana watu wa magharibi na wa ziwani wakiwa Nairobi, mboga ya nyumbani ndiyo mboga. Nani angetaka kusikia kwamba sagaa imeota Kawangware, humohumo jijini, nyuma ya nyumba za mabati?

Lakini huko ndiko ilikoota. Alikuwa amekodi kipande cha shamba kwa Shosho Wangoi, bibi mjane mwenye ploti, na shosho alishamwambia bila kuzunguka: mvua zikiisha na mboga bado inaozea guniani, anaita fundi ajenge vyumba vya kupangisha. Kavetsa aliogopa mpaka usingizi ukamruka. Alikuwa amefulia watu nguo miaka mingi, na lile shamba lilikuwa kitu cha kwanza Nairobi alichoweza kukiita kazi yake.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimebakia manyunyu tu, uvumilivu ukamwisha. Adero alipogeuka, Kavetsa aliruka gunia akamshika leso.

"Kastoma, leo huendi. Niambie kwanza, mboga yangu imekukosea nini?"

Adero akacheka kidogo. "Mboga haijanikosea. Ni wewe. Hii imetoka Vihiga?"

"Vihiga kabisa."

"Imelala kwa basi usiku mzima, imekaliwa na mizigo, na bado iko na umande?" Alimwonyesha kidole kilicholowa. "Mama, unatudanganya. Na mtu akinificha mahali mboga imetoka, mimi najua imekunywa maji ya mtaro. Niko na watoto."

Kavetsa aliona aibu hadi masikio yakamwaka, na katikati ya aibu hiyo kicheko kikamjia. Kumbe ule umande aliokuwa akijivunia, akiamka gizani kuuwahi, ndio uliokuwa ukimuumbua mbele ya watu.

"Imetoka Kawangware," alisema mwishowe. "Inakunywa maji ya kisima. Twende uone."

Alidhani Adero atakataa. Thubutu. Adero aliwaita majirani wawili, wakashika njia kwa miguu, Kavetsa mbele na gunia lake kichwani.

Walipofika, walimkuta Shosho Wangoi hakungoja mvua ziishe. Fundi alikuwa anavuta kamba juu ya matuta ya sagaa, na shosho ameshika ncha ya pili. Kavetsa alilitua gunia chini.

Adero hakujali kamba wala fundi. Alikwenda kisimani, akateka maji, akayanusa, akayanywa kwa kiganja. Kisha akapita chini ya kamba, akaanza kuchuma. Alichuma vile wanavyochuma kwao, ncha peke yake, ili mmea uchipuke tena. Wenzake wakamfuata.

"Mama, toka hapo, napima," fundi alisema.

"Pima polepole. Mimi nachuma," Adero alimjibu bila kuinua kichwa. "Na Jumamosi tunarudi."

Shosho Wangoi, aliyekula sukuma na managu maisha yake yote, aliwasogelea. Akakwanyua jani moja, akalitafuna. Uso ukamkunjamana.

"Uchungu wote huu ndio mmetembea kutoka Kibera kuufuata?"

"Ndio huo, shosho."

Shosho akaendelea kutafuna, anafikiri. Kisha akaiachia ncha ya kamba ikaanguka.

"Fundi, kunja kamba yako," alisema. "Haya Kavetsa, inapikwaje hii?"

Kavetsa alitaka kumweleza habari ya maziwa, na jinsi inavyolazwa sufuriani mpaka kesho uchungu upungue. Lakini Adero alimwahi kueleza. Kavetsa aliinama tu, machozi yakimtiririka, akamchumia shosho fungu lake, na nyongeza juu.