Wageni Wanaoondoka na Uwanja Mfukoni

Saa moja asubuhi, jua limefika kwenye viti vya juu, lakini chini uwanjani bado ni kivuli na umande. Mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya lango la kusini, buti za mpira miguuni, uma wa kulia chakula mkononi. Anachokonoa udongo katikati ya nyasi changa, anapuliza, anatazama, anachokonoa tena.

"Mashine ninayo," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini mashine haina adabu. Nyasi hizi bado changa. Ukizishika kwa pupa, unazing'oa na mizizi yake."

Wenzake kazini wanamwita Mama Nyasi, na inaelekea hata meneja amesahau jina lake jingine. Saa tatu leo anakuja mkaguzi wa mechi za kimataifa. Akiridhika, timu ya taifa itarudi kucheza hapa baada ya kuhamishwa kwa misimu miwili. Asiporidhika, uongozi umeshatamka kwamba utang'oa nyasi zote na kutandika za bandia, na nyasi za bandia hazihitaji mtu wa kuzipigia magoti.

Kipande cha mfano kilishaletwa. Meneja amekiweka mlangoni pa ofisi yake, na Mama Nyasi akiitwa humo hukifutia buti zake.

"Kwa kazi hiyo kinafaa sana," anasema.

Kinachomnyima raha asubuhi hii ni doa moja lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, ambalo kijani chake ni hafifu kuliko kwingine. Miezi mitatu iliyopita palikuwa kipara kitupu. Kipara hicho hakikuletwa na wachezaji wala jua. Kililetwa na mapenzi.

Uwanja huu si mkubwa. Una jukwaa moja tu lenye paa, na viti vyake vya mbao vimelainishwa na makalio ya vizazi viwili. Hata hivyo, mashabiki wanaopenda kuzunguka dunia wakitazama viwanja huutaja miongoni mwa vile ambavyo ni lazima uvifikie, na sababu ni bao moja. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika fainali iliyochezwa kwenye mvua kubwa, zikiwa zimebaki dakika chache, nahodha aliyeitwa Tingatinga alijitupa mzimamzima akafunga kwa kichwa. Picha yake, kichwa na mpira vikiwa hewani, bado inaning'inia katika vibanda vya vinyozi wa miji mingi.

Wageni huanzia chumba cha kubadilishia nguo, ambako kuna msumari ambao Tingatinga alitundikia shati lake siku hiyo. Hupita kwenye njia ya kutokea uwanjani, nyembamba kiasi kwamba timu mbili zikitoka pamoja, mabega yanagusana. Wakifika kwenye mwanga, wote huuliza swali moja: ni wapi hasa?

"Ukiwaonyesha tu, wanainama," anasema Mama Nyasi. "Mmoja anafunga kamba za viatu, kumbe viatu vyenyewe ndala. Mama mzima, mtu wa heshima zake, alitia jani kwenye soksi. Baba mmoja alimvika mwanawe kofia, ndani yake bonge la nyasi na udongo wake. Mtoto analia, baba anatabasamu."

Anayewaongoza wageni ni mdogo wa mumewe, mtu mcheshi mwenye sauti ya mnadani. Kazi ya mmoja inakula kazi ya mwingine, na mabishano yao yamekuwa sehemu ya ziara.

"Shemeji, wametoka mbali hawa. Waache wasogee kidogo."

"Kidogo yako naijua. Kama ni majani, nyuma ya vyoo yapo tele. Wapeleke huko."

Utani huo una uzito wake. Mshahara wa Mama Nyasi wa wiki nzima, shemeji yake huupata kwa bahashishi za Jumamosi moja nzuri. Mama Nyasi alianza kazi hapa kwa kufagia majukwaa baada ya mechi, akapandishwa kidogo kidogo hadi akakabidhiwa mashine ya kukatia. Anasomesha binti aliye kidato cha tatu, na mumewe ni fundi viatu ambaye wateja wake huonekana zaidi wakati wa mvua.

Lango la kaskazini, lilikofungwa bao lile, lilipoanza kuota kipara, shemeji ndiye aliyeleta wazo. Wageni wapelekwe lango la kusini.

"Nikamwambia, huo ni uongo," anakumbuka Mama Nyasi. "Akaniuliza, kwani wao wanajua kaskazini ni wapi? Nikamwachia. Ukweli ni kwamba nilifurahi."

Kaskazini pakapona. Kusini pakaanza kunyonyoka, maana kipara kilikuwa kimehamishwa tu, hakijatibiwa.

Mambo yaliendelea hivyo hadi alipofika mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, pamoja na mkewe. Shemeji akawasimamisha kusini, akanyoosha mkono, akaanza hadithi yake. Mzee akamkatiza.

"Kijana, unanidanganya mbele ya mke wangu? Siku ile nilikuwepo. Mpira unaingia, saa kubwa iko juu ya kichwa cha kipa. Hapa saa iko wapi?"

"Mzee, saa ile... ilihamishwa."

"Saa ya kujengewa kwenye ukuta wa zege? Ilihamishwa na nani, upepo?"

Mama Nyasi aliacha toroli lake akaja mbio. Anasema aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Shikamoo baba. Usimlaumu huyu, mimi ndiye niliyemruhusu. Wageni wanachuma nyasi hadi zinakwisha."

"Nyasi?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nyasi zipi, mwanangu? Siku ile hapakuwa na unyasi hata wa kuchokolea jino. Palikuwa tope tupu! Tingatinga alipoinuka, macho tu ndiyo yalionekana."

Wote wanne walitazamana. Kwa miaka yote hiyo, watu walikuwa wakiiba kitu ambacho siku ya bao hakikuwepo.

Mama Nyasi aliwapeleka kaskazini, hadi pembeni mwa eneo la penalti. Siku hiyo alikuwa akitoboa ardhi ili mizizi ipate hewa, kazi inayotoa vijiti vya udongo virefu kama kidole, ambavyo huzolewa na kutupwa. Aliokota kimoja akampa mzee. Mzee akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa shati.

"Yaani safari yote hii," mkewe akasema, "umenileta uchukue tope?"

"Tope lenyewe hasa," mzee akajibu.

Tangu siku hiyo, wageni wanapelekwa lango la kweli, wanasimama nyuma ya kamba, na kila mmoja anapewa kijiti chake cha udongo ndani ya karatasi. Wachumaji wamepungua sana. Kusini pakapandwa upya, na tangu hapo Mama Nyasi amekuwa akipahesabia siku.

Saa tatu na robo mkaguzi anaingia. Ni mtu mrefu, mkimya. Anadondosha mpira kutoka usawa wa kichwa chake na kutazama unavyoruka. Anasukuma fimbo ya chuma ardhini. Kaskazini anapita bila kusimama. Kusini anasimama kwenye lile doa, anachuchumaa, anavuta nyasi kwa vidole viwili. Mama Nyasi ameshikilia mpini wa toroli kwa mikono yote miwili.

Nyasi hazing'oki.

"Hapa bado pachanga," mkaguzi anamwambia meneja. "Lakini pameshika. Uwanja umepita. Sharti langu ni moja, asikanyage mtu hapa mpaka mechi."

"Hata kipa wetu kwenye mazoezi?" shemeji anauliza.

"Hata yeye."

Mama Nyasi anakaa juu ya toroli. Anacheka, kisha anajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vyote vina udongo.

Meneja amemwahidi kumpeleka nchi nyingine kwa wiki mbili, kujifunza kwa watunzaji wa uwanja mkubwa, mmoja wa vile vinavyoonekana kwenye televisheni. Hajawahi kukanyaga uwanja mwingine wowote. Tayari ameshapanga atakachofanya siku ya kwanza.

"Nitachuma," anasema. "Jani moja, na mzizi wake, nikaulinganishe na wa kwangu."

Je, atawaomba ruhusa kwanza?

"Weee! Na wakikataa?"