Heliamu ya Nyota na Wali wa Mutsamudu

Naona haya hata leo kulisimulia jambo hili. Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya tarakimu moja: kiasi cha heliamu katika kundi la nyota nililolichunguza nilipokuwa masomoni Ufaransa. Nilihesabu nyota zilizo katika hatua mbili za uzee, nikalinganisha na modeli, modeli ikanipa jibu: heliamu nyingi kuliko kawaida; lakini modeli yenyewe ilichukulia kwamba gesi ndani ya nyota huchanganyika kwa namna moja tu, na ukigusa hapo kidogo heliamu inashuka, pengine hata ule wingi niliojivunia unatoweka kabisa. Barua ya profesa wangu wa Ufaransa ilikuwa mezani kwangu Moroni ikingoja sahihi yangu ili achapishe makala yetu, na bila makala hiyo nafasi yangu ya kurudi masomoni ilikuwa mashakani.

Nikakimbilia Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwenye harusi kubwa ya binamu yangu, nipumzishe kichwa. (Enzi zile mamluki walikuwa wakiranda Moroni na bunduki zao, lakini katika vichochoro vya Mutsamudu uliweza kusikia mchi ukitwanga nyumba ya tatu.) Mjomba, kwa kujisifu, akasema mbele ya watu, "Mpwa wangu anajua kilichomo ndani ya nyota, atashindwa kukadiria wali wa harusi?" Ningekataa tu! Badala yake nikaomba orodha ya waalikwa, nikakokotoa, nikatoa tarakimu moja kavu ya mchele wa kupikwa, nikihofia kwamba nikisema "pengine" wataniona sikusoma.

Wali uliisha sinia za wazee zikiwa bado tupu. Bi Zaina, mkuu wa jiko, akatoka na upawa mkononi.

"We msomi, ulihesabu nini?"

"Watu, bibi. Sahani moja kila mtu."

"Na sinia za kupelekwa majumbani? Mzee mwenye cheo anakula peke yake, tangu lini?"

"Mwache," mtu akadakia, "huko kwenye nyota hakuna wakwe!"

Kicheko kikajaa kichochoro kizima. Mjomba hakuinua uso. Wanawake wakaazima wali jiko kwa jiko, nami nikabeba masufuria nikiwa nimevaa kanzu yangu mpya, nikitaniwa kwa mapenzi ambayo leo nayatamani. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nilikosea kile nilichokichukulia kuwa kweli kabla ya kuhesabu, tena kwa watu walionilea. Sembuse nyota, ambazo hakuna aliyewahi kuzifunua ndani?

Niliporudi Moroni sikusaini. Nikaandika kwamba makadirio yote mawili yachapishwe, la juu na la chini, na isemwe wazi kuwa ongezeko la heliamu linategemea jinsi tunavyodhani gesi inachanganyika. Kama nafasi itapotea, ipotee. Barua nikaisoma mara tisa (najijua), nikailamba bahasha, nikaenda posta na kuitumbukiza kabla sijataka kuisoma mara ya kumi.