Samaki wa Mawe wa Papa

Harufu ya dawa ya maji mpaka leo siiwezi. Wengine wakiisikia kwenye ndoo au kwenye sakafu iliyopigwa deki wanasema, ah, hapa pasafi. Mimi natafuta mlango. Juzi juzi jirani yangu alinikaribisha maji kwenye glasi nzuri, nikainusa kabla ya kuonja, nikairudisha mezani na kubaki nimekodolea ukuta wake. Pale kwake pana televisheni. Kwetu Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma, mahali kama pale palikuwa na kioo cha samaki. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nimekumbuka kwetu tu, nikaishia hapo, maana yule mama ni mtu wa haraka na habari hii haitaki haraka. Ninyi nitawaambia, kaeni.

Papa yangu, yaani baba, alikuwa anavua samaki wasioliwa. Jambo hilo peke yake, katika mji unaoishi kwa ndagala na mikebuka, lilitosha kumfanya achekwe. Wanaume wenzake walitoka na nyavu kubwa na taa. Yeye alitoka asubuhi na miwani ya kuzamia na kijavu kidogo, akaenda kwenye mawe ya pwani upande wa Moba, akajitumbukiza, akarudi na samaki wasiojaa kiganja: weusi wenye mkanda wa manjano kiunoni, wengine wekundu mgongoni. Walitiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, wakapelekwa mbali, Ulaya, ambako kuna watu wanaoweka samaki sebuleni na kuwaangalia. Nkambo, mama yake Papa, ambaye tulikuwa tukiishi naye, aliuliza wakishawaangalia wanawafanya nini. Papa akajibu kwamba wanaendelea kuwaangalia. Nkambo alicheka mpaka kilemba kikamfunguka.

Lakini ugonjwa huo ulimpata na Papa mwenyewe. Alipata vioo, akaviunganisha, akajitengenezea ziwa lake dogo pale ukutani, na mawe ndani na mchanga chini, na kipampu cha umeme kinachobwabwaja mchana na usiku. Mama alikiita kioo kile mke mwenzie. Kinaoshwa, kinalishwa, kinasalimiwa asubuhi kabla yake yeye, na hakipiki. Alisema siku akipata mafuta ya kutosha atawakaanga wote na familia itakula kitafunwa cha Ulaya. Papa alikuwa anacheka, na Mama alikuwa hacheki kabisa, au ndivyo nilivyoona mimi.

Kuwalisha kulikuwa na adabu yake. Samaki wale wa mawe hula utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe, wanaukwangua kwa midomo kutwa nzima. Ukiwapa bukari, yaani ugali, au ndagala wanakula kwa furaha, kisha matumbo yanavimba na wanakufa. Kwa hiyo Papa aliweka karai kubwa uani, katikati ya jua, limejaa maji ya ziwa na mawe. Mawe yakikaa juani yanaota kijani. Yaliyoiva yanaingia kwenye kioo, yaliyokwanguliwa yanarudi karaini. Majirani zetu wa mtaa wa Kataki walisema kwa kina Feza wanapika mawe. Feza ni mimi. Nilikuwa nageuza mawe yale kwa mikono miwili ili kila upande upate jua, na mpaka leo viganja vyangu vinaujua utelezi ule, na joto la maji ya karai saa sita.

Vita ilipoingia mjini, askari wakabadilika, na wale waliokuwa wananunua samaki wakatoweka. Ilibaki mifuko ya mwisho, ambayo mtu alikuwa anaisubiri Kigoma. Papa akasema ataivusha, atalipwa, atarudi. Mama alimkatalia kwa sauti ya chini, na walipotoka chumbani nilijua Mama ameshindwa. Papa akaniita mbele ya kioo. Hakuniambia nimtunze Mama, wala nisome, mambo ambayo baba wengine wanasema. Aliniambia, "Feza, hawa usiwape bukari hata wakikulilia. Na maji yao ni ya ziwa tu, ya kule kwenye mawe. Nikirudi niwakute." Kisha akaondoka na mifuko yake, na miezi haikupita mingi ziwa likawa si la kuvuka ovyo, na umeme nao ukakatika.

Kipampu kikanyamaza. Nyumba ilinyamaza pamoja nacho, nami nikaona ndiyo sasa Papa ameondoka kweli. Samaki wakaanza kupanda juu kutafuta hewa. Tukabuni njia: kila mmoja wetu alikuwa na kikombe, na kila anayepita mbele ya kioo anachota maji yale yale na kuyamwaga kutoka juu, ili yaingie na mapovu. Nkambo alimwaga huku akisali. Mama alimwaga huku akigombana nao. Mimi nilimwaga huku nikiwasimulia habari za Papa, ambazo sikuwa nazo, kwa hiyo nilikuwa nazitunga.

Nilitamani kumwona Papa kama mtoto anavyotamani. Shati lake moja lilibaki limening'inia nyuma ya mlango, na nilikuwa nalinusa kidogo kidogo, kwa uchoyo, nikiogopa nitaimaliza harufu. Jioni, mtu akipita nje na hatua za kuburuta kandambili kama zake, samaki wote walikimbilia upande wa mlango na kusogeza pua kwenye kioo. Nami nilikuwa naruka kama wao. Tulikuwa tunakosea pamoja. Nikajiwekea imani yangu ambayo sikumwambia mtu: samaki hawa wakiwa hai, Papa atarudi. Wakifa, basi.

Siku moja akaja mama mmoja muuza vitenge ambaye alithubutu kuvuka kutoka Kigoma. Mimi na Nkambo alitupa salamu, Papa mzima, anafanya kazi sokoni, anatukumbuka. Kisha yeye na Mama wakaenda nyuma ya jiko, wakakaa huko muda mrefu. Mama aliporudi alikaza kitenge kiunoni, akachukua kitambaa, akaanza kusugua kioo cha samaki ndani na nje mpaka ungeweza kujitazama meno. Kuanzia siku ile alishika kazi ya karai yeye mwenyewe, akawa ananisukuma mkono akisema mawe siyageuzi vizuri. Nilinuna sana. Ile kazi ilikuwa yangu, Papa alinipa mimi. Habari ya kuwakaanga sikuisikia tena, ingawa njaa ya mwaka ule ilikuwa njaa kweli, na kuna jirani aliyetuambia waziwazi kwamba tunachezea chakula.

Ndipo masika yakaleta kipindupindu, kama yanavyofanya kwetu. Kule ufukweni tunakochota maji wakawekwa vijana na chupa za dawa, na hakuna bidoni, yaani dumu la maji, iliyoruhusiwa kupita bila kutiwa matone yake. Sisi maji ya kunywa tuliyachukua hapo. Ya samaki tuliyafuata mbali, kwenye mawe, kama Papa alivyoagiza. Nkambo aliona jambo hili likamkera. Watu wanawekewa dawa, samaki wa mwanawe wanakaa kutwa katika maji ambayo hakuna aliyeyatibu. Aliona tunawaonea. Basi mchana mmoja, Mama yuko sokoni na mimi shuleni, alikwenda mwenyewe na miguu yake mibovu, akamwomba kijana aongeze dawa kwa sababu nyumbani wako wengi, akamlipa mtoto wa jirani muhogo wa kuchoma ili amtwikie bidoni mpaka nyumbani. Akaimimina yote kwenye kioo.

Harufu ilinipokea mlangoni. Nkambo alikuwa ameketi mbele ya kioo, amejifunga kilemba kipya kama mtu aliyetoka harusini. Akaniambia, "Nimewatilia dawa, mujukuu wangu. Sasa ugonjwa hauwapati." Nyuma yake samaki walikuwa wanapinduka. Wengine walikuwa juu wanafungua midomo, wengine wameshalala ubavu kwenye mchanga, ule mkanda wao wa manjano umefifia.

Nililia kwa kelele. Mama alikuwa anaingia uani na beseni la unga kichwani, unga wa kutafutwa jua zima. Sijui alinisikia vipi, sijui alielewa vipi. Alilitupa beseni, unga ukamwagika wote kwenye udongo, na hakuugeukia. Aliingiza mikono kwenye kioo mpaka mabegani, akawakamata samaki hao kwa viganja, akakimbia nao uani, akawatumbukiza kwenye karai la mawe, ambalo lilikuwa na maji ya ziwa matupu. Akarudi, akakimbia tena. Mama yangu, ambaye siku zote aliniambia mwanamke hakimbii. Waliobaki hai walijificha chini ya mawe, wanahema. Akachukua kikombe akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, amepiga magoti kwenye tope la unga, na nilimsikia akiwaambia samaki, taratibu, "Musinifanyie hivi. Si sasa."

Nkambo alipoelewa alikaa chini kabisa, akasema amemuua mwanawe kwa mkono wake. Kumbe naye alikuwa na imani kama yangu, na hakuniambia. Mama aliacha kikombe, akamwinua, akamwambia, "Mama, wamebaki. Wanatosha." Hakumlaumu siku ile wala siku nyingine. Jioni tulilala na uji mwepesi uliotokana na unga tulioweza kuukwangua juu juu, na mchanga ukisaga meno.

Waliobaki walikuwa wachache, lakini walikuwa na moyo. Mama aliwabebea maji kutoka kwenye mawe, bidoni baada ya bidoni, na kioo kikasafishwa mpaka harufu ikaisha. Wakazaana. Mimi nilikua, sketi zangu zikawa fupi, nikaacha kunusa lile shati kwa sababu lilishakuwa na harufu ya ukuta.

Vita ilipopoa, maboti ya Kigoma yakaanza tena kutia nanga. Papa alikuja mchana, bila kupiga hodi. Nilikuwa kwenye mkeka nachambua maharagwe. Kwanza niliona miguu, imekonda, kisha mfuko wa plastiki mkononi, kisha yeye. Mama alitokea mlango wa jikoni na akasimama. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka, na yote yalinikimbia. Nilinyanyuka nusu, nikangoja aniite.

Hakuniita. Hakunitazama, wala hakumtazama Mama. Alipita kando yangu, shati lake likinigusa bega, akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akachuchumaa. Akauliza, mdomo ukiwa karibu na kioo, "Wanakula?"

Mama akasema, "Wanakula. Yule mukubwa ana watoto mudomoni, usimushutue."

Basi wakazungumza samaki. Alasiri nzima! Mama alimweleza habari ya kipampu, na vikombe, na dawa ya Nkambo, na jinsi wale watoto wanavyotemwa nje na kurudi mdomoni wakiogopa. Papa aliuliza hiki na kile, mgongo wake umetuelekea sisi. Nkambo aliamka akaja akamshika kichwa, akalia, na Papa akaendelea kuangalia kioo, mabega yanamtikisika. Baadaye Mama alileta chakula, akaweka sahani mbele yake pale pale chini. Ndipo Papa alipogeuka akaniona, akasema nimekuwa mrefu. Nilitoka nje nikakaa kando ya karai la mawe mpaka giza. Mtoto amengoja baba yake, na baba amewasalimu samaki kwanza. Iliniuma, na sitawadanganya, iliendelea kuniuma nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Papa hakuondoka tena. Alipata kazi ya kupakua mizigo bandarini, akazeeka, akafia kitandani pake tukiwa tumemzunguka. Baada ya arobaini, mimi na Mama tukikunja nguo zake za kugawa, nilitoa lile lililokuwa limenikaa rohoni. Nilisema, hata jina langu hakulitaja siku ile.

Mama aliendelea kukunja. Akanieleza kile alichoambiwa nyuma ya jiko na muuza vitenge: kule Kigoma Papa alikuwa amepanga chumba na mwanamke, na kwamba alikuwa amesema hawezi kurudi nyumbani kwetu, kwa uso gani. Alinieleza bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya zamani. Kisha akasema:

"Muntu akiharibu anajua ameharibu, Feza. Ukimungoja mulangoni na maneno, anageuka anarudi alikotoka. Njo maana niliwalisha wale samaki. Nilitaka akifika, akute kitu ambacho yeye anaweza kuuliza wa kwanza."

Nilibaki na suruali yake mkononi. Nilikuwa nimedhani kwa miaka yote ile kwamba tunawatunzia Papa samaki wake. Mama alikuwa anamtunzia njia ya kuingia.

Sasa hivi natamani kumwona kupita nilivyotamani nikiwa mtoto. Ningetaka aingie mara moja tu, na miguu yake iliyokonda na mfuko wake wa plastiki, asinisalimie, asinitazame. Ningesogeza mkeka wangu apite.